Mstari Bila Mwenyewe

Watahiniwa wa Huruma, jijini Nairobi, hukesha wakikariri Kiingereza cha vitabu teule. Mtihani wenyewe unataka kitu kingine, na karatasi ya Kiswahili imekuwa ikiwafundisha kitu hicho miaka yote.

Mitihani ya majaribio ikishapita na Novemba ikaanza kuhesabiwa kwa wiki, watahiniwa wengi wa Huruma huhamia juu ya nyumba. Kule juu kabisa ya ghorofa, kati ya kamba za nguo na matangi ya maji, kuna upepo, kuna mwanga hadi jua lizame, na hakuna mdogo wa kumvuta mtu shati. Hukaa wawili wawili. Mmoja hushika kitabu, mwenzake hufumba macho na kutamka maneno ya mshauri wa marais aliye hotelini mjini Banjul, au ya meya wa mji usiokuwamo katika ramani yoyote. Akiteleza neno moja, mwenye kitabu humrudisha mwanzo wa sentensi.

Kazi hii huitwa kukremu, na haina mzaha. Maneno hayo ni ya Fathers of Nations, riwaya ya Paul B. Vitta, na The Samaritan, tamthilia ya John Lara, vitabu viwili vya lazima katika fasihi ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Ukimuuliza mtahiniwa kwa nini anameza mistari mizima, hujibu upesi: mtahini anataka ushahidi, na ushahidi ni maneno ya kitabu. Jibu hilo ni nusu kweli. Ushahidi unatakiwa. Kuurudia neno kwa neno hakutakiwi. Kwa kutotenganisha mambo hayo mawili, usiku mwingi wa Huruma hupotea bure.

Hesabu ya maneno 450

Tuanze na karatasi yenyewe. Karatasi ya Tatu ya Kiingereza, inayojulikana kwa nambari 101/3, hufanywa kwa saa mbili na nusu. Ina insha tatu, kila moja ikiwa na alama 20: ya kubuni, ya kitabu cha lazima, na ya kitabu kimoja kati ya vile vya hiari. Swali la kitabu kwa kawaida hujengwa juu ya methali au kauli fulani ya jumla, kisha mtahiniwa huagizwa aitetee kwa mifano kutoka katika kitabu. Mifano, si manukuu.

Jinsi alama zinavyogawanywa si siri kwa mwalimu yeyote wa somo hili. Utangulizi una alama 2. Hoja ni nne, kila moja alama 3. Hitimisho lina alama 2, na lugha alama 4. Insha haitakiwi kuzidi maneno 450. Sasa piga hesabu. Utangulizi na hitimisho vikichukua maneno mia moja, yanabaki 350 ya kugawia hoja nne, yaani chini ya 90 kwa kila hoja. Katika maneno hayo 90 lazima utaje hoja, usimulie tukio, uonyeshe tukio linavyothibitisha hoja, kisha ufunge aya. Nukuu moja ya maneno 25 imekwisha kula zaidi ya robo ya nafasi yako, na bado hujaeleza chochote.

Chukua mfano wa Profesa Kimani katika Fathers of Nations. Swali likidai kwamba uongozi mbaya huwaumiza raia wa kawaida, mtahiniwa anayemjua Kimani atasimulia kwa maneno yake mwenyewe: mhadhiri ambaye mshahara wake umeachwa nyuma na wa wabunge, aliyempoteza binti, akaachwa na mkewe aliyemfuata mbunge. Atamalizia kwa kueleza kwamba nchi inayomtukuza mwanasiasa na kumdharau mwalimu humwingilia mtu hadi ndani ya nyumba yake. Hizo ni alama tatu, na hakuna alama ya kunukuu hata moja iliyofunguliwa. Mwenzake aliyekremu ataandika sentensi ndefu ya Kimani kama ilivyo kitabuni, aweke nukta, kisha arukie hoja ya pili. Msahihishaji anabaki akijiuliza: sentensi hii imetiwa hapa ili ithibitishe nini?

Katika Karatasi ya Pili, 101/2, mzigo wa kukariri ni mwepesi zaidi. Humo dondoo refu la kitabu cha lazima huwa limechapishwa papo hapo, na maswali yake yana alama 25. Mtahiniwa ana maneno ya mwandishi mbele ya macho. Anachoulizwa ni mambo yanayozidi kuyarudia maneno hayo: ni nini kilichotokea kabla ya hapa, ni nini kinachofuata, mhusika huyu ana tabia gani, mwandishi ametumia mbinu gani. Anayeujua mtiririko wa kisa hufaulu. Aliyekariri mistari mizuri ya kurasa nyingine hana pa kuitia.

Kitabu kimoja, wasomaji wengi

Kama mambo ni hivyo, kwa nini watoto hawa wanaendelea kukremu? Rahisi kusema ni uvivu wa kufikiri. Ila mvivu hapandi ngazi za ghorofa saba na kitabu cha kuazima.

Huruma iko katika eneobunge la Mathare, kati ya Juja Road na Outer Ring, ikipakana na Kariobangi Kaskazini. Upande wa Kiamaiko biashara ya mbuzi huanza kabla ya alfajiri, na upande wa barabarani matatu hazinyamazi hadi usiku wa manane. Maghorofa yamebanana kiasi cha jirani kupokezana kiberiti dirishani. Familia nyingi huishi katika chumba kimoja, na katika chumba hicho meza ni ya jiko, ya chakula na ya televisheni kabla haijawa ya vitabu. Stima hupotea bila taarifa. Kitabu teule mara nyingi ni cha shule, au cha binamu aliyekwisha kumaliza, au kimenunuliwa na marafiki kwa mchango katika duka la inama, lile la vitabu vilivyotandazwa kando ya barabara za mjini, na zamu ya kukaa nacho huisha haraka.

Mwenye kitabu kwa siku mbili hakisomi kama mwenye kitabu mwaka mzima. Wa pili anaweza kurudi nyuma, kulinganisha, kuweka alama pembeni. Wa kwanza anajua kwamba kesho kutwa kitabu hakipo, basi anajitahidi kukihamishia kichwani. Kwake kukariri ni namna ya kumiliki kitabu bila kukinunua. Hilo si la kudharauliwa.

Sababu ya pili inahusu lugha. Mtoto wa Huruma huamka na Sheng, husalimia wazee kwa Kiswahili, na huenda nyumbani akasikia Kikuyu, Kikamba, Kiluhya, Kijaluo au Kiborana. Kiingereza huja baada ya hizo zote, na zaidi hukutana nacho darasani. Anapoketi kuandika insha, hofu yake kubwa si kukosa hoja. Ni kukosea kitenzi. Sentensi iliyokaririwa kutoka kitabuni ina uhakika mmoja: sarufi yake haina kosa. Kwa hiyo wengi hawakariri mistari ili ithibitishe lolote. Wanakariri ili waazime Kiingereza cha mwandishi. Lakini nguo ya kuazima haisitiri matako. Lugha ina alama 4 tu kati ya 20, na msahihishaji akisoma sentensi moja safi ya kitabu ikifuatwa na mbili zinazochechemea, mshono huonekana mara moja. Alama 16 zilizobaki ni za anayejua anachosema, hata kama Kiingereza chake ni cha kawaida.

Pengo hilo la vitabu na lugha lina wafanyabiashara wake. Kuna mwongozo, kitabu chembamba kinachofupisha kisa, kupanga maudhui na kuorodhesha mistari ya kukumbukwa. Kuna makundi ya waigizaji yanayozunguka shuleni na kumbini yakiigiza vitabu teule, na kwa mtoto ambaye hajawahi kuona mchezo wa kuigiza, saa mbili za kuwatazama Alvita na Montano, wanafunzi wawili wa The Samaritan waliobuni programu ya kufichua uozo wa manispaa yao, zinaweza kuzidi wiki nzima ya kukremu. Na kwa waliokata tamaa kuna mwakenya, kile kikaratasi kilichokunjwakunjwa na kufichwa mkononi au katika soksi, ambacho wanafunzi walikipa jina la harakati ya siri iliyosambaza vijikaratasi dhidi ya serikali miaka ya 1980. Mwongozo na mwakenya vina kasoro moja: vyote viwili hukupa mstari ukiwa umeng'olewa mahali pake.

Tulibadilisha vitabu, tukaacha desturi

Tabia hii haikuzaliwa Huruma. Kabla ya uhuru, mtihani wa mwisho wa sekondari ulitoka Cambridge, na fasihi ilikuwa ya Kiingereza na ya Waingereza. Katika Shule ya Upili ya Alliance, iliyoanzishwa 1926, kuigiza mchezo wa Shakespeare ilikuwa desturi ya kila mwaka. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma huko kuanzia 1955 hadi 1958, ni mmoja wa waliolelewa katika desturi hiyo. Mwanafunzi bora alikuwa yule anayeweza kusimama na kutoa hotuba ya mfalme wa Uingereza bila kutazama kitabu.

Oktoba 1968, Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza katika chuo kikuu cha Nairobi ivunjwe, na fasihi ya Afrika, ikiwamo fasihi simulizi, iwekwe katikati ya masomo. Mwaka 1974 walimu walikutana Nairobi kujadili namna ya kuyapeleka mawazo hayo katika shule za sekondari. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lilikuwa limeundwa 1967, na Kenya ikapata baraza lake, KNEC, mwaka 1980. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza 1985, na KCSE ya kwanza ikafanywa 1989. Katika safari hiyo orodha ya vitabu ilibadilika kweli. Watoto wetu wamesoma The River and the Source ya Margaret Ogola, Betrayal in the City ya Francis Imbuga, na Blossoms of the Savannah ya Henry ole Kulet, wakikutana na majina na mito wanayoijua.

Tuliwabadilisha wanaokaririwa. Namna ya kukariri ilibaki ile ile. Sentensi ya Akoko, mama shujaa wa Ogola, ilimezwa kama ilivyomezwa sentensi ya Brutus wa Shakespeare. Wala Uingereza yenyewe haijapona. Baada ya mageuzi yaliyoanza kufundishwa huko 2015, mtihani wa fasihi wa GCSE hufanywa bila kitabu mezani, na watoto wa miaka 16 wa London hutengeneza kadi za manukuu ya Macbeth na kuzibandika ukutani. Mwongozo wa kusahihisha wa huko nao hutaka marejeleo ya kitabu, na nukuu ni aina moja tu ya marejeleo hayo.

Swali la alama nne

Ajabu ni kwamba dawa iko katika mkoba uleule wa mtahiniwa. Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, 102/3, ni ya fasihi. Ndani yake kuna swali ambalo kila mwanafunzi wa Kenya analijua hata akiwa usingizini: anapewa sentensi moja ya mhusika kisha anaambiwa aeleze muktadha wa dondoo hilo, kwa alama 4. Alama hizo zina mambo manne. Nani anasema? Anamwambia nani? Wako wapi? Ni nini kilichosababisha maneno hayo? Baada ya hapo huulizwa tamathali za usemi zilizotumika, sifa za msemaji, au jinsi dondoo linavyochangia maudhui ya kitabu kizima.

Angalia hekima ya swali hilo. Baraza linakupa mstari bure na kuulizia vilivyo nyuma yake. Aliyeukariri bila kujua kisa hana faida yoyote, kwa sababu mstari umekwisha chapishwa. Mwanafunzi yuleyule anayejibu swali hilo vizuri katika Kiswahili, akamtaja msemaji, msikilizaji, mahali na sababu, akigeukia Kiingereza huacha ujuzi wote mlangoni na kuanza kumeza sentensi.

Namna hii ya kutunza maneno pamoja na muktadha wake ina mizizi pwani. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki 1840, alitunga mashairi mengi kuhusu mambo ya wakati wake: ugomvi wa Wamazrui, watawala wa Mombasa, na Sultani Seyyid Said, njaa, biashara, mapenzi, vijembe kwa watu wa mtaani. Beti zake ziliishi katika vichwa vya watu. Miongo kadhaa baadaye mwanachuoni wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, alizikusanya na kumsaidia mmishonari W. E. Taylor kuziandika na kuzifafanua. Hatimaye William Hichens alichapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Ubeti wa kejeli za kisiasa za mwaka 1830, ukiondolewa aliyeutunga, aliyetupiwa na tukio lililouzaa, hubaki fumbo tupu. Ufafanuzi ndio uliofanya hifadhi ya Sikujua iwe na thamani.

Kwa hiyo tusiwaambie watoto wa Huruma kwamba kukariri ni ushamba. Wana vichwa vyenye mazoezi. Wale wa madrasa za Kiamaiko wanahifadhi sura ndefu za Kurani. Wale wa kanisani wana mistari ya Biblia tangu shule ya Jumapili. Na vijana wa Eastlands wamejua nyimbo nzima kwa moyo tangu siku za kundi la rap la Kalamashaka kutoka Dandora, bila mtu kuwatisha kwa mtihani. Kumbukumbu wanayo. Wanachohitaji ni kuipa kazi inayolipwa.

Njia ya kitabu kimoja

Watafiti wa kumbukumbu wana neno la kuongeza. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wataalamu wa saikolojia nchini Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena. Wengine walivisoma mara moja, kisha wakafunga karatasi na kuandika walichokumbuka. Baada ya wiki moja, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42 ya mambo yaliyomo. Waliojijaribu walikumbuka asilimia 56. Kinachokaza kumbukumbu ni jasho la kulitafuta jambo kichwani, zaidi ya kulipitisha tena mbele ya macho.

Kwa mtaa wenye uhaba wa vitabu, hiyo ni habari njema. Kundi la watu wanne lenye kitabu kimoja linaweza kusoma vizuri kuliko mtu mmoja mwenye kitabu chake. Msomaji asome sura moja kwa sauti, kisha kitabu kifungwe. Wa pili asimulie kisa kwa Kiingereza chake mwenyewe, hata kikiyumba. Wa tatu aulize maswali manne ya dondoo: nani, kwa nani, wapi, kwa nini. Wa nne aongeze la tano, ambalo karatasi ya Kiingereza inalitaka: tukio hili linathibitisha nini? Kitabu kifunguliwe kukagua tu. Kesho yake sura hiyohiyo irudiwe bila kitabu, na zamu zibadilishwe.

Manukuu nayo yasitupwe. Maneno matatu au manne ya mhusika yakiingizwa ndani ya sentensi yako hutia insha uhai, na humwonyesha msahihishaji kwamba ulikisoma kitabu chenyewe. Chagua machache, yawe mafupi, yawe ya wahusika wakuu, na kila moja liambatane na majibu yake matano. Nukuu inayoweza kutumika katika maswali matatu tofauti, la uongozi, la familia na la usaliti, ina thamani zaidi kuliko kumi zinazofaa swali moja ambalo huenda lisitokee.

Walimu nao wana lao. Mazoezi ya darasani yanayouliza ni nani aliyesema maneno fulani, yakaishia hapo, huwafunza watoto kwamba jina la msemaji linatosha. Kuongeza swali moja la sababu hakuhitaji bajeti ya wizara. Na mwalimu akisahihisha insha, alama nyekundu juu ya kila kosa la sarufi humfanya mtoto akimbilie Kiingereza cha kuazima. Atuze kwanza hoja iliyoelezwa, kisha arekebishe kitenzi.

Wakati wa kuyatengeneza haya ni sasa. KCSE inatarajiwa kufanywa mara ya mwisho 2027. Katika mtaala mpya, Fasihi ya Kiingereza katika shule za upili ni somo la kuchagua. Somo la kuchagua likijulikana mtaani kuwa ni la kumeza sentensi, wa kwanza kulikimbia watakuwa wale wasio na vitabu nyumbani, na watakaolichagua ni wenye rafu zilizojaa. Huruma, yenye visa vingi kuliko riwaya yoyote, itakuwa imejitoa katika fasihi.

Baraza la mitihani linaweza kuzuia hilo kwa hatua moja isiyo na gharama: kupeleka katika karatasi ya Kiingereza lile swali la alama nne la Kiswahili. Mtahiniwa apewe mstari, aulizwe wa nani, kwa nani, wapi na kwa nini. Siku swali hilo likiingia, kukremu kutaacha kulipa, na hakuna mwalimu atakayelazimika kumkataza mtu.